Jenomu Huharibika au Hufanikiwa Kabla ya Kufika Kwenye Mashine

Vijana wanaotaka kuingia katika utafiti wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, huniuliza zaidi kuhusu mashine: ipi ni bora, programu ipi wajifunze kwanza, kompyuta yenye uwezo gani itawatosha. Ni maswali ya haki, nami nitayagusa. Lakini baada ya miaka mingi ya kusoma jenomu za mimea, kisha za wanyama wa nchi kavu, na hatimaye za viumbe wa baharini, nimefikia imani moja ambayo ningependa kila anayeanza aipokee kwa uzito: ubora wa jenomu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla DNA haijaingia kwenye mashine. Huamuliwa siku unapochagua ni kiumbe yupi hasa, kati ya maelfu ya wenzake, atakayesomwa. Huamuliwa na jinsi tishu yake ilivyokatwa na kugandishwa, na zaidi ya yote huamuliwa na kiasi unachokifahamu kuhusu maisha yake.

Zamani uzito wa kazi ulikuwa mahali pengine. Njia ya kusoma DNA iliyobuniwa na Frederick Sanger na wenzake mwaka 1977, hata ilipokomaa, ilisoma herufi za DNA (A, C, G na T) mia kadhaa tu kwa kila kipande, au zikizidi sana elfu moja. Kwa njia hiyo ndipo ilipopatikana jenomu ya Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, ambao mwaka 2000 ulikuwa mmea wa kwanza kusomwa jenomu yake, na kwa njia hiyo hiyo ulikamilishwa mradi wa jenomu ya binadamu mwaka 2003. Kazi hizo ziliunganisha maabara nyingi za nchi mbalimbali kwa miaka mingi. Leo zipo mashine zinazosoma herufi elfu kumi na tano hadi ishirini mfululizo kwa usahihi unaozidi asilimia 99.9, na nyingine husoma vipande vya herufi laki moja na zaidi, ijapokuwa kwa usahihi mdogo kidogo. Kikundi cha watu wachache kinaweza kupata jenomu iliyopangwa kromosomu kwa kromosomu, yaani uzi mmoja wa DNA baada ya mwingine. Kwa hiyo mashine si kizuizi kikubwa tena, nayo inaweza kukodishwa kwa maabara nyingine. Kisichokodishwa ni ujuzi wa kiumbe.

Nianze na mimea, maana ndiyo iliyonifundisha kuuliza swali la kwanza: kiumbe huyu ana nakala ngapi za kila kromosomu, na nakala hizo zinatofautiana kiasi gani? Kiazi mviringo kinachopandwa mashambani kina nakala nne za kila kromosomu, tena zenye tofauti nyingi baina yao. Ndiyo maana jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2011, ambayo ukubwa wake ulikadiriwa kuwa herufi milioni 844, haikutokana na kiazi cha kawaida cha shambani, bali na mmea ulioandaliwa maabara kwa kuchukua seti moja ya kromosomu na kuirudufu, ili nakala zote ziwe sawa. Mgomba ulipewa jenomu yake mwaka 2012 kwa ujanja wa namna hiyo hiyo. Siku hizi programu za kuunganisha vipande zinaweza kuzitenganisha nakala mbili za mzazi wa kike na wa kiume, na wakati mwingine hata nne, lakini uamuzi wa watafiti wale bado ni somo. Hawakusubiri kompyuta iwatatulie tatizo ambalo lingeweza kutatuliwa kwa kuchagua mmea unaofaa.

Swali la pili ni ukubwa, na hapa makisio hayafai. Jenomu ya Arabidopsis ina herufi zipatazo milioni 135. Jenomu ya ngano ya mkate, iliyozaliwa kutokana na muungano wa mimea mitatu ya kale, ina takribani bilioni 16, yaani zaidi ya mara tano ya jenomu ya binadamu. Kamongo wa Australia, samaki mwenye mapafu, aliyesomwa mwaka 2021, ana bilioni 43. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mmea wa jamii ya kangaga uitwao Tmesipteris oblanceolata, unaoota visiwa vya New Caledonia katika Bahari ya Pasifiki, una bilioni 160, na hiyo ndiyo jenomu kubwa kuliko zote zilizokwisha kupimwa. Ukubwa wa jenomu hauendi sambamba na ukubwa wa mwili wala ugumu wa maisha ya kiumbe, kwa hiyo huwezi kuubahatisha kwa kumtazama. Upime kwanza, ama kwa kutia rangi inayong'aa kwenye viini vya seli na kulinganisha mng'ao wake na wa spishi ambayo ukubwa wake unajulikana, ama kwa kusoma vipande vifupi vya bei nafuu na kuhesabu jinsi maneno mafupi ya DNA yanavyojirudia. Ukipanga kusoma kila herufi mara 30, jenomu ya bilioni 1 itakudai herufi bilioni 30, na ya bilioni 16 itakudai bilioni 480. Bajeti nzima ya mradi imesimama juu ya kipimo hicho kimoja, na kwa maoni yangu mradi usio na kipimo hicho haustahili kuanza.

Sehemu kubwa ya wingi huo wa herufi si jeni. Jenomu ya mahindi iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba takribani asilimia 85 yake ni vipengele vinavyoweza kujinakili na kuhama kutoka mahali pamoja hadi pengine ndani ya jenomu. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye vipande vya herufi 150 kila kimoja: kipande kinachotoka ndani ya kipengele chenye urefu wa herufi elfu kumi, kilichorudiwa katika maelfu ya mahali, hakina dalili yoyote ya kuonyesha kilitoka wapi. Programu hukatisha hapo, au mbaya zaidi, huunganisha sehemu zisizohusiana. Vipande virefu vimetatua jambo hilo kwa kuvuka marudio na kugusa pande zake mbili. Lakini vipande virefu hupatikana tu endapo DNA yenyewe ni ndefu, na hapo ndipo tunaporudi kwenye jani.

Majani yana tabia zake. Yana sukari zilizofungamana zinazoigeuza DNA kuwa utelezi usiopita kwenye bomba la kupimia, na yana fenoli ambazo, mara tu seli inapopasuka, hugeuka rangi ya kahawia na kushikamana na DNA hadi mashine ishindwe kuisoma. Chukua majani machanga. Uweke mmea gizani kwa siku moja au mbili kabla ya kuvuna ili wanga upungue. Tenga viini vya seli kwanza, ndipo uvipasue, kwa sababu ukisaga jani zima, sehemu kubwa ya ulichokisoma itakuwa DNA ya kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli, na si ya kiini. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kifaa cha gharama kubwa. Yanahitaji mtu mwenye subira na aliyewahi kuzungumza na mtaalamu wa mimea, na nimeona miradi yenye fedha nyingi ikikwama kwa kukosa mtu wa namna hiyo.

Nilipohamia kwenye wanyama nilikuta maswali ni mengine. La kwanza lilikuwa jinsia. Ukitaka kromosomu zote, soma jinsia yenye kromosomu mbili tofauti za jinsia: kwa mamalia ni dume, mwenye X na Y, lakini kwa ndege ni jike, mwenye Z na W. La pili lilikuwa tishu. Seli nyekundu za damu za ndege na samaki zina kiini, hivyo tone dogo la damu hutoa DNA tele bila kumdhuru mnyama. Seli nyekundu za mamalia zilizokomaa hazina kiini, na DNA hutoka kwenye seli nyeupe peke yake, kwa hiyo damu nyingi zaidi huhitajika. Mtu asiyelijua hili ataomba kibali cha kuchukua tishu asizozihitaji, au atarudi kutoka porini na damu isiyotosha.

Kwa wadudu na wanyama wadogo, tatizo ni kwamba huwezi kumtenga mnyama na wale wanaoishi ndani yake. Mbung'o ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua. Jenomu ya spishi mojawapo, Glossina morsitans, ilichapishwa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ushirikiano wa kimataifa. Mbung'o huishi na bakteria wanaomtengenezea vitamini ambazo damu anayoinywa haina, na pia hubeba bakteria aina ya Wolbachia. Kwa kawaida, ukikuta DNA ya Wolbachia kwenye data ya mdudu utaitupa kama uchafu. Kwa mbung'o huyu, baadhi ya vipande vya Wolbachia vilikuwa vimeingia ndani ya kromosomu zake mwenyewe. Anayetupa kila kisichofanana na mdudu angetupa ugunduzi, na anayehifadhi kila kitu angeripoti mambo ya uongo.

Upande huo wa pili wa hatari ulionekana mwaka 2015, pale timu moja ilipochapisha kwamba takribani moja ya sita ya jeni za tadigradi, mnyama mdogo asiyeonekana vizuri bila hadubini na anayestahimili ukavu wa kupindukia, zilitoka kwa bakteria na viumbe wengine. Habari ilienea haraka. Muda mfupi baadaye timu nyingine, iliyokuwa imemsoma tadigradi wa spishi hiyo hiyo, ilionyesha kwamba karibu zote zilikuwa DNA ya bakteria waliosombwa pamoja na sampuli. Timu ya pili ilitazama kila kipande kimesomwa mara ngapi, kina uwiano gani wa herufi G na C, na kinafanana na kundi gani la viumbe, na vipande vya bakteria vikajitenga vyenyewe. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kufanya uchambuzi huo kabla ya uchambuzi mwingine wowote, na huwaambia kwamba jambo la kushangaza katika data lazima lithibitishwe kwanza kwamba liko ndani ya kiumbe, kwa kipande kirefu kinachogusa jeni za kiumbe upande huu na upande ule.

Bahari ndiyo iliyonifunza zaidi, na sioni aibu kusema naipenda kuliko maeneo mengine yote niliyofanyia kazi. Huko kila ugumu niliokwisha kuueleza hukutana na mwenzake. Konokono na chaza wana ute unaofanya DNA yao iwe na shida zile zile za majani. Chaza pia hutofautiana sana kati ya nakala zake mbili za kromosomu. Walioichapisha jenomu ya chaza wa Pasifiki mwaka 2012 walitumia chaza aliyezaliwa kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa, na bado ikawalazimu kuigawa DNA katika mafungu madogo na kuyasoma moja moja. Matumbawe hubeba mwani ndani ya seli zake, na mwani huo una jenomu kubwa kuliko ya matumbawe yenyewe. Watafiti walioisoma Acropora digitifera, matumbawe ya kwanza kuchapishwa jenomu yake, mwaka 2011, walitumia mbegu za kiume, ambazo hazina mwani. Angalia uamuzi huo ulihitaji nini: kujua kwamba matumbawe hayo hutoa mbegu zake kwa pamoja, kwa msimu, usiku, na kuwepo mahali hapo wakati huo. Huwezi kuyapata hayo kwenye mwongozo wa mashine.

Kwa sababu hiyo nawasihi vijana wawaheshimu wavuvi na wapiga mbizi kama wataalamu wenzao. Wao ndio wajuao mnyama hutaga lini, hujificha wapi, na aina zipi mbili zinazofanana machoni hutofautiana kwa tabia. Mara kadhaa maelezo ya mvuvi yameniokoa nisichanganye spishi mbili katika sampuli moja. Wataje kwa majina katika shukrani za makala yako ikiwa wataridhia, na walipwe muda wao.

Tishu zichukuliwe kiumbe angali hai au mara tu anapokufa, zikatwe vipande vidogo, na zigandishwe papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha zitunzwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri bila kuyeyuka hata mara moja njiani. Alkoholi inatosha kwa usomaji wa vipande vifupi, lakini mara nyingi haiiachi DNA ndefu. Wakati mmoja taasisi fulani ilitupatia tishu za samaki adimu ambazo tulikuwa tumezisubiri kwa muda mrefu, nazo zikawa zimetunzwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Zilikuwa nzuri kwa mtu anayechunguza mifupa, ila kwetu DNA ilikuwa imekatikakatika na kufungamana na protini. Andika mahitaji yako kwa maneno yaliyo wazi na uyatume kwa kila atakayeshika sampuli, akiwemo dereva. Na usiondoke na tishu moja tu: chukua ini, misuli, ngozi, ubongo na viungo vya uzazi kadiri kibali kinavyoruhusu, maana utahitaji RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, ya tishu mbalimbali ili kubainisha jeni ziko wapi. Bila RNA, programu hukisia, na idadi ya jeni inayotokana na makisio siiamini.

Kuhusu kompyuta, ushauri wangu ni kwamba ujifunze kuchambua data yako mwenyewe. Jifunze kutumia mfumo wa kompyuta wa Linux kwa amri za kuandika, na lugha moja ya programu kati ya Python na R kwa kina. Mtu aliyegusa tishu na pia akachambua data huona mambo ambayo watu wawili waliogawana kazi hizo hawayaoni. Vilevile jifunze kutoridhishwa na kipimo kimoja. Wengi hujivunia N50, yaani urefu ambao nusu ya jenomu imo katika vipande vilivyoufikia au kuuzidi, ilhali kipimo hicho hupanda hata vipande vinapounganishwa kimakosa. Kipimo cha BUSCO, kilichochapishwa mwaka 2015, hutafuta jeni ambazo karibu kila spishi ya kundi husika inatarajiwa kuwa nazo katika nakala moja. Zikikosekana, jenomu ina mapengo, na zikionekana mara mbili mbili katika kiumbe wa kawaida, huenda programu imezihesabu nakala za baba na za mama kama mahali pawili tofauti. Kisha iko ramani ya Hi-C, inayoonyesha sehemu zipi za DNA zilikuwa jirani ndani ya kiini. Keti na ramani hiyo uitazame kwa macho yako, kromosomu baada ya kromosomu. Kazi hiyo huchosha na haitajwi sana kwenye makala za utafiti, lakini sehemu ya kromosomu iliyogeuzwa kichwa chini huonekana hapo.

Nije kwenye kazi kama riziki na safari ya maisha. Nyakati ambapo jenomu mpya peke yake ilitosha kukupatia jina zimepita. Ajira katika fani hii ni za mikataba mifupi kwa miaka mingi ya mwanzo, na anayedumu ni yule mwenye swali la kibiolojia linalobaki lake hata mashine zinapobadilika. Mpunga unaonyesha jambo hili. Jenomu yake iliyokamilishwa mwaka 2005 ilikuwa msaada mkubwa, lakini waliobadili maisha ya wakulima walikuwa na swali mahususi: kwa nini aina moja ya zamani ya mpunga kutoka India huishi ikizama majini kwa takribani wiki mbili? Mwaka 2006 walitangaza jeni inayoupa uwezo huo, Sub1A, na wazalishaji wa mbegu wakaiingiza katika aina ambazo wakulima walikwisha kuzipenda. Silikanti naye, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alisomwa jenomu yake mwaka 2013 kwa swali la asili ya wanyama wenye miguu minne, na jibu likawa kwamba jamaa yao wa karibu zaidi ni kamongo, si silikanti. Uwe na kundi moja la viumbe unalolijua kuliko watu wengi, na mbinu moja ambayo wengine watakutafuta kwa ajili yake. Mengine utayajifunza kwa kushirikiana.

Ushirikiano wenyewe uandikwe. Kubalianeni nani atakuwa mwandishi wa kwanza, data itatolewa lini na nani atahifadhi tishu zilizobaki, tena kabla sampuli haijachukuliwa. Vibali navyo vianze mapema kuliko maombi ya fedha. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka nchi yenye kiumbe iridhie matumizi yake na igawiwe manufaa kwa haki, na mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, unadhibiti kusafirisha hata kipande kidogo cha tishu za spishi zilizoorodheshwa, ambazo ni pamoja na silikanti na matumbawe magumu. Wapo wanaoona taratibu hizi kama kero. Mimi naziunga mkono kwa dhati, kwa sababu kwa miongo mingi sampuli zilitoka katika nchi zenye utajiri wa viumbe na majina ya wananchi wake hayakuonekana popote kwenye makala zilizofuata. Mtafiti wa nchi yenye kiumbe awemo tangu kuandika swali, apate mafunzo ya kuchambua, na data iwe mikononi mwake siku ile ile inapokuwa mikononi mwako.

Hifadhi mwili wa kiumbe uliyemsoma, au sehemu yake, katika jumba la makumbusho au hifadhi ya mimea iliyokaushwa, pamoja na tarehe, mahali kwa vipimo vya ramani, kina cha maji, jinsia na tishu iliyotumika, ili siku wataalamu watakapoigawa spishi hiyo kuwa mbili ijulikane jenomu yako ni ya ipi. Data ghafi nayo, yaani vipande kama vilivyotoka kwenye mashine, ipelekwe katika mojawapo ya hifadhidata tatu za umma za Marekani, Ulaya na Japani, ambazo hubadilishana kila zinachopokea. Usipeleke jenomu iliyounganishwa peke yake, kwa kuwa programu za kuunganisha huboreshwa mara kwa mara, na mtu mwenye vipande ghafi anaweza kuijenga upya jenomu hiyo vizuri zaidi bila kumrudia kiumbe baharini au porini.